Cheti cha kifo: amefia Nakuru, amezikwa Vihiga, karatasi iko wapi?

Kifo husajiliwa pale kilipotokea, si pale kaburi lilipo. Ukishika hilo tu, umeepuka nusu ya safari ambazo watu hufanya bure.

Mimi ni fundi wa nguo, Kaptembwa hapa Nakuru, Kenya, na pia ni katibu wa chama chetu cha mazishi. Wanachama wengi ni watu wa Vihiga na Kakamega, kule magharibi, pamoja na Wateso wachache wa Busia walioingia kwetu kwa ndoa. Mtu akifariki tunachanga, tunakodi gari, tunapita Salgaa na Mau Summit usiku, na Chavakali tunafika alfajiri. Tunazika Jumamosi. Nywele zinanyolewa, watu wanarudi kwenye kazi zao, miezi inapita. Kisha siku moja mjane anaenda kuulizia hisa za marehemu kwenye Sacco, na anaambiwa alete cheti cha kifo. Kwa kuwa kaburi liko nyuma ya nyumba yake, anashika matatu hadi ofisi ya msajili Mbale, hukohuko Vihiga. Karani anatafuta, hampati. "Mama, huyu hayuko kwetu. Alifia wapi?" Alifia Nakuru. Basi ni kurudi Nakuru.

Ndiyo maana ninaandika haya. Kazi ya katibu ilianza kama kuandika majina ya waliochanga kwenye daftari, lakini siku hizi karibu kila familia inanijia kwa ajili ya karatasi.

Kabla hatujaendelea, jambo moja la kuondoa njiani. Cheti hiki hakitolewi na ofisi ya gavana, hata kama watu husema "nenda kaunti". Usajili wa vizazi na vifo ni kazi ya serikali ya kitaifa, chini ya Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 149. Msajili ana ofisi yake katika kila kaunti, na Huduma Centre, vile vituo vya huduma za serikali, zina dirisha la huduma hiyo. Ukiingia kwenye jengo la serikali ya kaunti kuulizia cheti, utaelekezwa kwa heshima, lakini asubuhi itakuwa imekwisha.

Cheti huharibikia mochari

Watu hudhani cheti hutengenezwa siku unapokwenda kukiomba. Sivyo. Siku hiyo kinachapishwa tu. Yaliyomo yaliandikwa zamani, siku ile familia nzima ilikuwa inalia na mtu mmoja akatumwa "kashughulikie mambo ya hospitali". Nguo huharibika kwenye kukata; cherehani hushona kilichokatwa. Kwa hiyo nitakaa hapa kwa muda mrefu kuliko kwingine.

Mtu akifia hospitalini, daktari na watu wa rekodi hujaza fomu iitwayo D1. Akifia nyumbani, naibu chifu hujaza D2. Kutokana na fomu hiyo ndipo hutoka kibali cha mazishi, ile karatasi ndogo ambayo wengi huiita pamiti, na bila hiyo sheria haikuruhusu kuzika wala mochari haikupi mwili. Fomu yenyewe hupelekwa kwa msajili, naye huiingiza kwenye daftari la vifo. Cheti ni nakala ya mstari huo wa daftari, basi. Kama mstari unasema Josphat na kitambulisho kinasema Josephat, karani hana mamlaka ya kukuonea huruma.

Sasa tazama ni nani hutumwa mochari. Mara nyingi ni kijana mwenye miguu myepesi, mpwa wa marehemu, ambaye maisha yake yote amemwita mzee "Baba Mkubwa" na hajawahi kuuliza jina lake la tatu. Anaulizwa jina, anataja lile la kanisani. Anaulizwa umri, anakadiria. Anaulizwa kazi, anasema mkulima, ilhali mzee alikuwa dereva wa lori kwa miaka mingi. Fomu inajazwa, anatia sahihi, anakimbilia jeneza.

Tuma mtu anayejua. Kama ni lazima aende kijana, aende na kitambulisho cha marehemu mkononi, na jina liandikwe kutoka kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Kwa majina yetu ya magharibi hili si jambo dogo. Kuna anayeandika W pale mwingine anapoweka U, kuna L na R zinazobadilishana viti, kuna Ayub na Ayubu, Jafeti na Japheth, Rosemary iliyoshikana na Rose Mary iliyoachana. Mtu wa rekodi akiwa anatoka sehemu nyingine ya nchi ataandika anavyosikia, na hana kosa. Mwombe akusomee alichoandika, au uangalie mwenyewe kabla ya kutia sahihi. Hakuna atakayekufukuza kwa kusoma fomu.

Angalia jina kamili, jinsia, umri, tarehe ya kufariki, mahali pa kufariki, na makao ya kawaida ya marehemu. Mtu aliyefariki saa saba usiku wa kuamkia Jumanne amefariki Jumanne, hata kama nyumbani kila mtu atasema alikufa Jumatatu usiku. Nimeona tangazo la kifo gazetini likiwa na tarehe moja, kibali tarehe nyingine, na msalaba wa kaburini ya tatu. Msalaba hauna shida na mtu, lakini tarehe ya kibali ndiyo itakayokwenda mahakamani.

Kuna pia nafasi ya mtoa habari, yaani aliyeripoti kifo. Jina lake hutokea kwenye cheti. Kwenye boma la wake wawili nafasi hii imewahi kuzua maneno mbele ya jeneza, kila upande ukidhani anayeandikwa hapo ndiye mrithi. Hapana. Mtoa habari ni shahidi wa kifo tu, hapewi shamba wala pesa kwa sababu hiyo. Aandikwe mtu mzima mwenye kitambulisho, anayepatikana kwa simu, ambaye hatahamia Doha mwezi ujao. Zaidi ya hapo msigombane.

Kitambulisho kinakwenda, nakala ibaki

Hili familia nyingi hulijua kukiwa kumekucha. Kitambulisho cha marehemu hurudishwa serikalini wakati wa kuripoti kifo. Kikishachukuliwa, hukipati tena, na benki, Sacco, NSSF na mahakama zitakuja kuuliza nakala yake mmoja mmoja.

Kwa hiyo, kabla ya kukitoa, piga kopi za kutosha, pande zote mbili, kwenye karatasi safi. Ipige na picha kwa simu, kisha itume kwa ndugu wawili au watatu. Kama kitambulisho kimepotea, nenda polisi uchukue abstrakti, ile karatasi ya kuthibitisha upotevu, mapema, maana utaulizwa. Kwa mtoto aliyefariki kabla ya kupata kitambulisho, cheti chake cha kuzaliwa ndicho hufanya kazi hiyo.

Na kibali cha mazishi nacho kipigwe picha palepale mlangoni pa mochari, kabla gari halijawashwa. Kibali husafiri na mwili, kwa sababu polisi kwenye vizuizi vya barabarani wanaweza kukiulizia. Kinakaa kwa dereva. Dereva anampa mzee wa kamati, mzee wa kamati anampa mwalimu anayeongoza ratiba, mwalimu anakiweka ndani ya kitabu cha nyimbo. Jumapili kila mtu amekwenda zake na kitabu chake. Nambari iliyo kwenye karatasi hiyo ndiyo msajili hutumia kuifikia fomu ya marehemu. Ukiwa na picha ya kibali, hata yenye kivuli cha kidole, uko mahali pazuri kuliko ukiwa na maelezo matamu.

Katika chama chetu sasa tumeandika kanuni: mwakilishi wa chama haondoki mochari kabla ya kunitumia picha mbili, ya kibali na ya kitambulisho. Mwanzoni wazee walinung'unika kwamba ninafanya msiba kuwa ofisi. Siku hizi wao ndio hukumbusha.

Akifia nyumbani

Kama mtu amekata roho nyumbani, iwe Kaptembwa, Rhonda au Free Area, anayehusika ni naibu chifu wa hapo alipofia. Si liguru, yaani mzee wa kijiji, wa kwenu, wala si naibu chifu wa lokesheni mtakayozika, hata kama huyo wa nyumbani ni binamu yako na yuko tayari kusaidia. Akikujazia D2 kana kwamba kifo kilitokea kijijini, umeanza uongo utakaohitaji uongo mwingine mbele ya safari. Na kama hospitali tayari ilikuwa imejaza D1, mtu mmoja sasa amekufa mara mbili kwenye daftari za serikali. Kufuta moja ni kazi kubwa kuliko kuandika.

Mpigie mzee wa mtaa au kiongozi wa Nyumba Kumi, yeye atakufikisha kwa naibu chifu. Beba kitambulisho cha marehemu, kitambulisho chako, na kadi au karatasi za kliniki kama alikuwa mgonjwa, kwa sababu naibu chifu si daktari na sehemu ya chanzo cha kifo ataiandika kwa kutegemea mnachomweleza. Mkimwambia "aliugua tu", ataandika hivyo. Kampuni ya bima ikisoma hivyo baadaye, itaanza maswali. Alikuwa na sukari miaka kumi? Semeni sukari.

Mwili ukitoka nyumbani kwenda mochari, jiandaeni kuulizwa barua ya polisi au ya naibu chifu kabla haujapokelewa. Ipate kwanza, ndipo mlipe gari.

Majirani zetu Waislamu wa Bondeni huzika siku hiyohiyo, mara nyingi bila mwili kufika mochari kabisa. Hapo ndipo usajili husahaulika kwa urahisi, kwa kuwa hakuna mlango wa mochari wa kuwazuia. Kuzika haraka hakuzuii kusajili. Mtu mmoja aende kwa naibu chifu wakati wengine wako kwenye josho na sanda, na kibali kipatikane kabla ya kwenda makaburini.

Ajali, kifo cha ghafla, kifo chenye utata

Barabara yetu hii ya kwenda Eldoret inatupa kazi hiyo mara nyingi. Kifo cha namna hii hupitia polisi. Kutakuwa na nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, na kwa kawaida upasuaji wa maiti unaofanywa na daktari, ambaye hujaza fomu ya polisi ya 23A. Omba nambari ya OB iandikwe kwenye karatasi uondoke nayo, na uandike kituo ilikotolewa. Bima ya gari itaitaka, wakili ataitaka.

Kanuni ya mahali haibadiliki hapa pia. Aliyegongwa Salgaa akafia wodini Nakuru, amefia Nakuru. Familia huwa inatazama mahali pa ajali. Msajili anatazama mahali roho ilipotoka.

Baadhi ya ndugu hukataa upasuaji kwa imani au kwa huzuni. Siingilii. Ninachosema ni kwamba kama kuna kesi au fidia inayotarajiwa, chanzo cha kifo kilichothibitishwa na daktari ndicho kitakachobeba kesi hiyo. Liamueni mkiwa mmeketi, si mkiwa mmesimama mlangoni.

Kuomba chenyewe

Sehemu hii ndiyo watu huiogopa na ndiyo nyepesi.

Maombi sasa hufanywa kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Unaingia kwa akaunti yako wewe mwombaji, si ya marehemu. Ninasema hivyo kwa sababu kuna watu hujaribu kuingia kwa simu ya marehemu. Unatafuta huduma za usajili wa raia, unachagua cheti cha kifo, unajaza, unapakia picha za kibali cha mazishi, kitambulisho cha marehemu na chako. Unachagua ofisi utakakochukulia. Unalipa kwa simu, paybill ya eCitizen ni 222222. Ada ya cheti ilikuwa shilingi 50 kwa miaka mingi, ikapandishwa mwaka 2024 hadi shilingi 200, na eCitizen hukata 50 zake za huduma juu ya hizo. Ukiambiwa na mtu langoni kwamba cheti ni elfu mbili, huyo anauza miguu yake, si cheti.

Kama simu inakusumbua, nenda saiba, duka la kompyuta na intaneti. Kijana wa saiba atakutoza kidogo kwa kujaza na kuskani, na ni haki yake. Lakini akaunti iwe yako, nambari ya simu iwe yako, na nywila usimwachie. Arafa za maendeleo huja kwenye simu iliyoandikwa, na ikiwa ni ya kijana wa saiba aliyehamia Naivasha, utabaki ukimtafuta yeye badala ya cheti. Simama nyuma yake anapoandika jina. Wao huandika haraka mno.

Subiri kidogo kabla ya kuomba, lakini usizidishe. Fomu kutoka hospitalini au kwa naibu chifu lazima ziwe zimefika kwa msajili, na hazifiki siku ileile. Kama ombi limekwama kwa kuwa rekodi haionekani, usilipe mara ya pili. Rudi kwa watu wa rekodi hospitalini ukiwa na nambari ya kibali, uwaulize kwa upole kama fomu ilipelekwa na lini. Wakikupa tarehe, iandike, ndiyo utakayoitaja kwa msajili. Katika uzoefu wangu karani mwenye nambari na tarehe mbele yake hufungua kabati. Karani aliyepewa hadithi ya msiba hutoa pole.

Mpaka wa juu ni miezi sita. Kifo ambacho hakijasajiliwa ndani ya miezi sita huhesabiwa kuwa usajili wa kuchelewa, na hapo sheria inataka idhini ya msajili na ada nyingine, pamoja na ushahidi zaidi. Familia iliyopata kibali na fomu ikafika haina wasiwasi huo, kwa sababu kifo chake kimekwisha kusajiliwa. Cheti chenyewe inaweza kukiomba hata baadaye. Wanaobanwa ni wale ambao kifo chao hakikuwahi kuandikwa popote.

Siku ya kuchukua, kisome ukiwa bado dirishani. Jina, tarehe, mahali, umri. Kosa lililoonekana hapo linaweza kuwa la kuchapa, na linarekebishwa kwa kulinganisha na fomu. Kosa lililo kwenye fomu yenyewe ni habari nyingine: utahitaji hati ya kiapo, nakala za kitambulisho, na ombi la kusahihisha daftari, lenye ada yake. Linawezekana, lakini linachosha, na ndiyo sababu nimekuweka mochari muda wote ule.

Jina la cheti na jina la shamba

Watu wa Vihiga wataelewa hili bila maelezo marefu. Hatimiliki nyingi za mashamba yetu zimebeba majina ya wakati wa upimaji wa zamani, jinsi karani wa siku hizo alivyoyasikia: jina moja la utotoni na la baba, bila la ubatizo. Kitambulisho cha mzee yuleyule kina majina matatu yaliyoandikwa vingine. Akifa, wana humjia naibu chifu wakimwomba aandike jina la hatimiliki ili cheti kifanane na shamba.

Msifanye hivyo. Cheti kifuate kitambulisho, kwa sababu benki, NSSF na pensheni vyote viko kwa jina la kitambulisho. Tofauti ya jina la shamba hutatuliwa kwenye kesi ya urithi, kwa hati ya kiapo na barua ya chifu inayosema kwamba majina haya mawili ni ya mtu mmoja. Mahakama zimezoea jambo hilo. Ambalo hazijazoea ni marehemu ambaye cheti chake hakifanani na kitambulisho chake mwenyewe.

Na kwa kesi hiyo ya urithi, barua ya chifu inayotaja warithi hutoka upande wa nyumbani, ambako familia inajulikana. Kwa hiyo cheti ni Nakuru, barua ni Vihiga. Kwa watu wetu ndivyo ilivyo, panga nauli ya pande zote mbili.

Omba zaidi ya nakala moja. Kila ofisi itataka kuona cheti halisi kabla ya kukubali kopi, na siku cheti kiko kwa wakili, Sacco nayo itakuita. Cheti halisi kisikae kwa broka, wala kwa shemeji anayejua mtu fulani ardhi. Kama urithi ni mdogo na hamna pesa za wakili, ulizieni ofisi ya Mdhamini wa Umma; ipo Nakuru na ipo Kisumu, na kazi yake ni pamoja na mali za namna hiyo. Salio la M-Pesa pia hudaiwa kwa cheti, kwa hiyo laini ya marehemu msiitupe wala msimpe mtoto aichezee.

Makaburi ya zamani

Huja pia mtu wa makamo na kusema: babu alikufa tukiwa wadogo, akazikwa nyumbani, hakuna karatasi hata moja, na shamba bado liko kwa jina lake. Wako wengi kutoka Khwisero hadi Hamisi.

Anza kwa kuuliza kama kweli hakusajiliwa. Kama alifia hospitalini, inawezekana sana kwamba fomu ilijazwa na jina liko kwenye daftari za wilaya ya wakati huo, ila hakuna aliyekwenda kuchukua cheti. Ofisi inaweza kutafuta kwenye daftari ukiipa jina, mwaka na mahali. Mwaka ndio kikwazo. Usiseme "miaka ya themanini". Kaa na wazee, ufunge mwaka kwa matukio: ni kabla au baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982? Mtoto gani alikuwa darasa la ngapi? Mahindi yalikuwa shambani au ghalani? Bibi yangu hukumbuka mwezi kwa zao, na mara zote mimi humwamini yeye kuliko wajomba.

Kama kweli hakusajiliwa, ni usajili wa kuchelewa. Naibu chifu wa alipofia ndiye mlango. Liguru aje athibitishe kaburi lipo na familia inajulikana. Kusanyeni kila karatasi yenye jina la babu: kitambulisho cha zamani au nakala yake, kadi ya ubatizo, risiti za chama cha ushirika, ratiba ya mazishi, picha ya jeneza yenye tarehe nyuma. Hati ya kiapo itaandikwa na mtu aliyekuwepo. Msibuni kilichokosekana, karatasi moja ya kweli yenye madoa ya moshi ina nguvu kuliko tatu mpya zenye wino unaong'aa.

Tofauti na hao ni waliopotea. Mtu aliondoka kwenda kutafuta kazi, hakurudi, hakuna mwili, hakuna kaburi. Naibu chifu hawezi kukupa D2 ya mtu huyo, na usimshinikize. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 118A, inasema mtu ambaye hajasikika kwa miaka saba na wale ambao kwa kawaida wangesikia habari zake anaweza kuchukuliwa kuwa amefariki. Hilo hutamkwa na mahakama. Mkikusudia kufika huko, wekeni ripoti ya polisi mapema, kwa sababu itakuwa ndiyo ushahidi wa lini mlianza kumtafuta.

Wakiniuliza ni nini cha kubeba kwa siku ya kwanza kabisa, kabla hata ya kuita kamati, huwa ninawajibu hivi: kitambulisho cha marehemu, kopi zake, kitambulisho chako, kalamu yako mwenyewe, na simu yenye chaji. Kalamu ya dirishani imefungwa kwa kamba na haiandiki.